MJI ULIO KANDO YA KAMBI: JIOGRAFIA NA WATU WA JUNCTION CITY, KANSAS

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika masomo yetu ya jiografia tumefundishwa ya kwamba mji hauoti kama uyoga. Mji una sababu zake: mto, bandari, njia panda, madini, ardhi yenye rutuba, au soko. Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani, "Eleza sababu za kukua kwa mji fulani," hutazama ramani, akahesabu mito na reli, akaandika jibu lake. Lakini iko miji ambayo ramani peke yake haitoshi kuieleza. Watu wake huongezeka na kupungua kwa amri inayotolewa mbali sana na mji wenyewe. Miji hiyo ni ile iliyojengwa kando ya kambi kubwa za jeshi.

Nimechagua mji mmoja wa namna hii, Junction City, katika jimbo la Kansas, nchi ya Marekani. Si mji mkubwa, na huenda wengi wetu hatujapata kulisikia jina lake. Lakini tukiusoma vizuri utatufundisha jambo moja lenye maana: namna ya kuisoma hesabu ya watu, na kutokubali tarakimu kabla ya kuuliza imetoka wapi.

MAHALI ULIPO

Kansas iko karibu na katikati ya Marekani, mbali na bahari zote mbili. Junction City uko upande wa mashariki wa jimbo hilo, yapata digrii 39 kaskazini ya Ikweta na digrii 97 magharibi ya Greenwich. Mji huu ndio makao makuu ya wilaya ya Geary. Ukienda mashariki yapata maili 60 utafika Topeka, mji mkuu wa jimbo. Ukienda kaskazini-mashariki yapata maili 20 utafika Manhattan, mji wenye Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Msomaji asichanganye Manhattan hii na ile ya New York; ni jina moja tu, miji ni mbalimbali.

Kwa wale wanaopenda hesabu za longitudo: kila digrii 15 ni saa moja. Kutoka digrii 97 magharibi mpaka digrii 37 mashariki, palipo sehemu yetu ya Afrika Mashariki, ni digrii 134, yaani karibu saa tisa. Basi wakati sisi tunapokwenda kula chakula cha mchana saa sita, huko Junction City, katika majira ya baridi, ni saa tisa za usiku na watu wamelala. Katika majira ya joto wao husogeza saa zao mbele kwa saa moja, na tofauti hiyo inakuwa saa nane.

MITO NA ARDHI

Jina la mji linaeleza mahali penyewe, maana "Junction" ni makutano. Mito miwili hukutana hapo. Mmoja ni Smoky Hill, nao hutoka nyanda za juu za mashariki ya Colorado. Wa pili ni Republican, ambao nao hutoka Colorado, ukapita Nebraska kabla ya kuingia Kansas. Ikisha kukutana, mito hiyo inakuwa mto mmoja uitwao Kansas, nao huenda mashariki karibu maili 150 mpaka kuingia katika mto Missouri, penye mji wa Kansas City.

Mtu aweza kudhani ya kwamba makutano hayo ndiyo yaliyoujenga mji, kwa kuwa merikebu zilifika hapo na mizigo. Sivyo. Mto Kansas ni mpana lakini si wa kina, una mafungu mengi ya mchanga. Mwaka 1855 meli moja ya moshi, jina lake Hartford, ilipanda mto huo ikichukua watu kutoka Cincinnati waliotaka kujenga mji karibu na makutano hayo. Meli ikakwama mchangani kabla ya kufika. Abiria wengi wakakaa pale pale walipokwama, wakaungana na wengine waliowatangulia, na huko ndiko uliko mji wa Manhattan hivi leo. Basi tunaona ya kuwa mto wa Kansas haukuwa njia kuu ya biashara.

Ardhi ya upande huo inaitwa Flint Hills, maana yake vilima vya mawe ya gumegume. Chini yake kuna tabaka za mawe ya chokaa zilizochanganyika na gumegume, na udongo wa juu ya vilima ni mwembamba. Plau ya mkulima hugonga mawe, na kwa sababu hiyo vilima havikulimwa. Ndiyo maana hapo yamebaki majani marefu ya asili, ambayo mahali pengi pa Marekani yalikwisha kwa kilimo. Majani hayo, yasipoliwa na ng'ombe, hufikia kimo cha mtu mzima na kupita. Wenye mifugo huyachoma moto kila mwaka wakati wa majira ya kuchipua, ili majani mapya yaote kwa ajili ya ng'ombe. Katika mabonde ya mito udongo ni mzito na mzuri, na huko hulimwa ngano, mahindi, mtama na soya. Mawe ya chokaa hukatwa na kujengewa nyumba; majengo mengi ya zamani ya mji na ya kambi ni ya mawe hayo.

HALI YA HEWA

Kwa kuwa bahari iko mbali, hali ya hewa ni ya bara hasa: joto kali katika majira ya joto na baridi kali katika majira ya baridi. Katika mwezi wa Januari wastani wa baridi hushuka chini kidogo ya kiwango cha maji kuganda, na theluji huanguka. Katika mwezi wa Julai wastani ni yapata digrii 26 za sentigredi, na mchana joto hupita digrii 32. Mvua nyingi hunyesha tangu majira ya kuchipua mpaka majira ya joto, mara nyingi pamoja na radi na dhoruba kali.

Mvua hiyo yaweza kuleta msiba. Mwezi wa Julai 1951 mito ya Kansas ilifurika vibaya sana, ikaharibu miji na mashamba toka Junction City mpaka Kansas City. Katika miaka ya 1960 serikali ikajenga boma la kuzuia mto Republican, juu kidogo ya mji. Maji yaliyozuiwa yakawa ziwa la Milford, lenye eka zaidi ya 15,000. Ndilo ziwa kubwa kupita yote yaliyotengenezwa na watu katika jimbo la Kansas.

MWANZO WA KAMBI NA MWANZO WA MJI

Kabla ya wageni, nchi hii ilikuwa ya wenyeji wa asili, hasa watu wa kabila la Kansa, ambao jimbo na mto vimechukua jina lao. Mwaka 1873 watu hao waliondolewa katika jimbo lenye jina lao, wakapelekwa kusini, katika nchi ambayo sasa ni jimbo la Oklahoma. Yafaa tulikumbuke jambo hili tunaposoma habari za kuongezeka kwa watu, maana mahali watu wapya wanapoandikwa, mara nyingi wako wengine waliofutwa.

Mwaka 1853 jeshi la Marekani lilijenga ngome karibu na makutano ya mito, ili kuwalinda wasafiri na wachuuzi waliokuwa wakielekea magharibi. Ngome ikaitwa Fort Riley, kwa jina la Jemadari Bennet Riley. Angalieni mwaka huo vizuri, kwa kuwa Kansas yenyewe ilifunguliwa kwa walowezi mwaka 1854, na Junction City ulipata kuwa mji kwa sheria mwaka 1859. Basi kambi ilitangulia, na mji ukafuata.

Lakini Junction City haukuwa mji wa kwanza kujaribu bahati yake kando ya ngome hiyo. Kulikuwa na mji mwingine, jina lake Pawnee. Gavana wa kwanza wa Kansas aliuchagua uwe makao ya serikali, na mwezi wa Julai 1855 Bunge la kwanza likakutana hapo katika nyumba ya mawe ya ghorofa moja. Wabunge walikaa siku chache tu, wakahamia mahali pengine. Kisha Wizara ya Vita huko Washington ikatoa hukumu ya kwamba kiwanja cha Pawnee kimo ndani ya mipaka ya ardhi ya jeshi. Wakaaji wakaamriwa kuondoka, nyumba zikabomolewa. Mwaka huo huo mji uliokuwa makao ya serikali ukafa. Nyumba ile ya Bunge ingali imesimama ndani ya eneo la Fort Riley, na sasa ni jumba la makumbusho.

Nimeieleza habari ya Pawnee kwa sababu ndani yake mna fundisho lote la makala hii. Pawnee ulikuwa na mto ule ule, udongo ule ule, na hewa ile ile aliyonayo jirani yake aliyebaki. Uliuawa na mstari uliochorwa juu ya karatasi.

Junction City, uliojengwa nje ya mstari huo, uliishi. Reli ilifika mwaka 1866, na baada yake reli ya pili ikaanzia hapo kwenda kusini. Wafanya biashara wakawauzia askari vyakula, nguo, farasi na majani ya farasi. Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huko Junction City mgeni alikuja na mshahara wa serikali mfukoni.

HESABU YA WATU

Marekani huhesabu watu wake kila baada ya miaka kumi. Hizi ndizo hesabu za Junction City tangu mwaka 1910:

1910: watu 5,598
1920: watu 7,533
1930: watu 7,407
1940: watu 8,507
1950: watu 13,462
1960: watu 18,700
1970: watu 19,018
1980: watu 19,305
1990: watu 20,604
2000: watu 18,886
2010: watu 23,353
2020: watu 22,932

Mwanafunzi mwenzangu, chukua karatasi ya miraba uichore hesabu hii. Utaona mstari usiopanda sawasawa. Mahali pengine unaruka, mahali pengine umelala, mahali pengine unashuka. Sasa tuweke kando ya mstari huo habari za kambi.

Kati ya 1910 na 1920 watu waliongezeka kwa theluthi moja na zaidi. Mwaka 1917 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na katika ardhi ya Fort Riley ikajengwa kambi ya mafunzo iitwayo Camp Funston, iliyojaa makumi ya maelfu ya vijana. Kambi hiyo inakumbukwa pia kwa jambo la huzuni. Mwezi wa Machi 1918 askari wengi waliugua homa ya mafua kwa mara moja, na hapo ni pamoja na mahali pa kwanza kuandikwa katika habari za ugonjwa ule ulioenea duniani kote na kuua mamilioni ya watu. Vita vilipokwisha, Camp Funston ikabomolewa. Tazama sasa mwaka 1930: mji umepungua kidogo.

Kati ya 1940 na 1950 watu waliongezeka kwa asilimia 58. Hapo ni Vita Kuu ya Pili. Jeshi lilipanua ardhi yake, askari wapya wakamiminika. Kati ya 1950 na 1960 wakaongezeka tena kwa asilimia 39, maana mwaka 1955 Divisheni ya Kwanza ya Askari wa Miguu ilirudi kutoka Ujerumani ikafanya Fort Riley kuwa makao yake. Divisheni hiyo ilikwenda Vietnam mwaka 1965 ikarudi mwaka 1970, na hesabu ya 1970 inaonyesha ongezeko la watu 318 tu katika miaka kumi.

Mwaka 1996 makao makuu ya divisheni hiyo yalihamishiwa Ujerumani, na Fort Riley ikabaki na vikosi vichache. Hesabu ya mwaka 2000 ikaonyesha mji umepoteza watu 1,718. Mwaka 2006 divisheni ikarudishwa. Hesabu ya 2010 ikaruka kwa watu 4,467, sawa na asilimia 24 hivi.

Katika miaka hiyo yote mito haikuhama, udongo haukubadilika, na reli ilikuwa pale pale. Kilichobadilika ni amri.

NI NANI WALIOHESABIWA?

Hapa ndipo penye shida inayofaa kufikiriwa. Kanuni ya hesabu ya Marekani ni kwamba mtu huhesabiwa mahali anapoishi na kulala siku nyingi. Basi askari anayelala katika mabweni ya kambi huhesabiwa kambini, si mjini. Mwenzake wa kikosi kile kile aliyepanga nyumba mjini kwa kuwa ana mke na watoto huhesabiwa mjini. Wote wawili hununua viatu katika duka moja.

Je, na askari aliye vitani? Katika miaka ya vita vya Iraki na Afghanistani askari wengi wa Fort Riley walikuwa nje ya nchi, wengine kwa miezi kumi na miwili, wengine kumi na mitano. Katika hesabu ya 2010 askari aliyepelekwa ng'ambo hakutiwa katika hesabu ya mji wake. Mke wake aliyebaki nyumbani alihesabiwa, watoto wake walihesabiwa, lakini yeye hakuwamo. Mwaka 2020 kanuni ikabadilishwa: aliyekwenda ng'ambo kwa kazi ya muda akahesabiwa nyumbani kwake huko Marekani.

Kwa hiyo mtu anayelinganisha mwaka 2010 na 2020 analinganisha vitu viwili visivyopimwa kwa kipimo kimoja. Tena mji ulipungua watu 421 katika miaka hiyo, ilhali wilaya nzima ya Geary iliongezeka toka watu 34,362 mpaka 36,739. Asomaye hesabu ya mji peke yake atasema watu wanakimbia. Asomaye ya wilaya peke yake atasema wanamiminika. Kila mmoja ana tarakimu ya kweli mkononi, na kila mmoja ana nusu ya habari. Sehemu ya ardhi ya kambi imo ndani ya wilaya hiyo, na wakaaji wa humo huongeza hesabu ya wilaya bila kuongeza ya mji.

WATU WENYEWE

Watu wa Junction City ni wa namna nyingi kuliko wa miji mingi ya Kansas yenye ukubwa kama huo. Jeshi huchukua vijana kutoka majimbo yote. Yapata mtu mmoja kati ya watano ni Mmarekani Mweusi, sehemu kubwa mara kadhaa kuliko ilivyo katika jimbo zima. Tangu zamani vikosi vya wapanda farasi weusi vilipata kukaa Fort Riley, na wakati wa Vita Kuu ya Pili mchezaji mashuhuri Jackie Robinson alikuwa askari huko, katika jeshi ambalo bado liliwatenga weusi na weupe. Wako pia watu wengi wenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati. Tena wako wanawake wa Kijerumani na wa Kikorea walioolewa na askari waliokuwa wamewekwa katika nchi hizo. Ukitaka kujua jeshi la Marekani limepata kukaa wapi, tazama mapishi na makanisa ya mji ulio kando ya kambi.

Ni watu vijana pia. Mwaka 2010 umri wa katikati wa Marekani nzima ulikuwa miaka 37, lakini wa Junction City haukufika 30. Wazee ni wachache, watoto wadogo ni wengi. Watoto hao huhama mara kwa mara, kwa kuwa askari hahudumu mahali pamoja siku zote. Sisi tunaosoma shule ya bweni twajua maana ya kuachana na rafiki mwisho wa muhula, lakini tunatumaini kukutana naye muhula ujao. Mtoto wa askari aachanapo na rafiki yake, huenda asimwone tena.

Shule za huko zina shida nyingine ya kipekee. Shule nyingi za Marekani huendeshwa kwa kodi ya ardhi na nyumba. Fort Riley ina eka zaidi ya 100,000, na ardhi ya serikali kuu hailipi kodi hiyo. Watoto wa kambini wanataka walimu na madawati kama wengine, bali ardhi yao haileti senti. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1950 iko sheria ya serikali kuu ya kuzipa shule za namna hii fedha za kufidia.

USIACHE MBACHAO

Mwaka 2005 ilipotangazwa ya kwamba divisheni itarudi, furaha ilikuwa kubwa. Watu wengi walitazamiwa, na nyumba hazikutosha. Mji ukakopa fedha ukatengeneza barabara, mabomba ya maji na mifereji katika viwanja vipya, na wajenzi wakaja kwa haraka. Lakini askari hawakuja wote kwa mara moja kama ilivyodhaniwa. Wengi walikwenda vitani, na familia nyingine zikakaa kambini au katika miji ya jirani. Kisha mwaka 2008 biashara ya nyumba ikaanguka nchini kote. Viwanja vingi vikabaki na barabara na taa bila nyumba, na mji ukabaki na deni zito ambalo wenyeji hawana budi kulilipa kwa kodi.

Wazee wetu walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Askari ni msala upitao. Hii si kusema ni watu wabaya. Ni kusema kazi yao ni kupita. Ninavyoona mimi, viongozi wa mji walifanya hesabu yao juu ya amri, wakasahau ya kuwa amri ina mwenyewe, naye hakai Junction City.

KAMBI IKIFUNGWA

Je, amri ya mwisho ikija itakuwaje? Baada ya miaka ya 1980 serikali ya Marekani ilifunga kambi nyingi. Tutazame miji miwili.

Wa kwanza ni Limestone, katika jimbo la Maine, pembeni kabisa ya kaskazini-mashariki, karibu na mpaka wa Kanada. Ni nchi ya baridi na mashamba ya viazi, na miji mikubwa iko mbali. Palikuwa na uwanja wa ndege za vita uitwao Loring. Mwaka 1990 Limestone ulikuwa na watu 9,922. Loring ikafungwa mwaka 1994. Mwaka 2000 watu walikuwa 2,361. Katika kila watu wanne walibaki kama mmoja. Ni kweli wengi wa walioondoka walikuwa wakikaa ndani ya eneo la jeshi lenyewe, lakini duka liliwauzia wao, na shule iliwasomesha watoto wao.

Wa pili ni Rantoul, katika jimbo la Illinois, uliokuwa na kambi ya mafunzo ya jeshi la anga iitwayo Chanute. Ilifungwa mwaka 1993. Mwaka 1990 watu walikuwa 17,212, mwaka 2000 walikuwa 12,857. Hao walipoteza robo.

Kwa nini mmoja alipoteza robo na mwenzake robo tatu? Hapa ndipo jiografia inaporudi kazini. Rantoul uko katika tambarare yenye mahindi, penye reli na barabara kuu, yapata maili 15 tu kutoka miji ya Champaign na Urbana yenye chuo kikuu kikubwa. Aliyekosa kazi kambini aliweza kwenda kutafuta nyingine asubuhi na kurudi jioni. Wa Limestone angekwenda wapi? Hata hivyo watu wa Limestone hawakukaa kulia. Mwaka 1995 ilifunguliwa huko shule ya bweni ya jimbo kwa ajili ya sayansi na hesabu, na kiwanja cha Loring kikatafutiwa kazi za kiraia.

Kwa hiyo mimi naona hivi: amri huweka hesabu ya watu, lakini jiografia huamua nani atabaki siku amri itakapotanguliwa. Junction City bado una Fort Riley, yenye askari zaidi ya elfu kumi. Lakini una pia barabara kuu ya taifa ipitayo toka mashariki hadi magharibi, una reli, una ziwa lenye samaki na wageni, una malisho ya ng'ombe, na una chuo kikuu kwa jirani. Hayo ndiyo mbacha wake, nao ungefanya vema kuutunza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mji nao ni vivyo hivyo.

Nasi tunapoona hesabu ya watu katika kitabu, tusiikariri tu kama wimbo. Tuulize: Ni nani waliohesabiwa? Ni nani walioachwa? Siku hiyo walikuwa wapi? Nani aliwaita hapo, naye aweza kuwaambia waondoke? Anayeuliza maswali hayo amekwisha kuanza kuwa mwana-jiografia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Chora ramani ndogo ukionyesha mito Smoky Hill, Republican na Kansas, pamoja na Junction City, Fort Riley, ziwa la Milford, Manhattan na Topeka.

2. Kwa nini vilima vya Flint Hills havikulimwa, ilhali mabonde yaliyo karibu navyo hulimwa?

3. Tumia hesabu zilizo juu kutafuta asilimia ya kuongezeka au kupungua kwa watu kati ya 1920 na 1930, na kati ya 1990 na 2000. Taja tukio la kambi linaloeleza kila badiliko.

4. Askari mmoja ana mke na watoto wawili katika nyumba ya kupanga mjini, naye mwenyewe yuko ng'ambo kwa kazi ya miezi kumi na miwili. Ni watu wangapi wa nyumba hiyo wangehesabiwa mjini mwaka 2010? Na mwaka 2020?

5. "Pawnee na Junction City ilikuwa na mto mmoja lakini haikuwa na bahati moja." Jadili.